Mashine Mbili za Baba

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: naitwa Muhonja, naishi Kayole, na kazi yangu ni kucheza muziki wa santuri. Si wa kompyuta. Nasema zile santuri nyeusi za duara ambazo babu yako alizipangusa vumbi kwa kitambaa laini.

Walionisoma juma lililopita wanajua kwamba marehemu baba yetu, mzee Lusweti, alituachia mashine mbili. Moja akanipa mimi, moja akampa mdogo wangu Asenath. Wanajua pia kwamba DJ hafanyi kazi na mashine moja. Moja ikiimba, nyingine inaandaa wimbo unaofuata. Kwa hivyo baba alitufunga mguu kwa mguu, sisi ambao hata utotoni hatukuweza kula sinia moja.

Niliwaacha pale Asenath, baada ya kuninyima miaka na miaka, alipokubali ghafla kuniazima mashine yake nikashindane. Nilimshukuru mpaka nikalia.

Sasa sikieni nilikuwa nalilia nini.

Shindano lilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja pale Umoja. Sharti lilikuwa moja: santuri na mkono, kompyuta ibaki nyumbani. Mshindi angepewa kipindi chake mwenyewe kwenye redio ya mitaa yetu. Aliyesimamia yote alikuwa Gachanja, mtangazaji wa redio hiyo hiyo, mwanamume mwenye sauti tamu na ulimi wa wembe.

Mume wangu Wekulo ndiye aliyebeba mashine. Tangu kiwanda kilipomwachisha kazi, yeye ndiye alikuwa akizibeba, akiziunganisha na kuzijaribu. Nilikuwa nje nikisubiri zamu yangu. Sikuwa na sababu ya kukagua kazi ya mume wangu.

Lazima nieleze jambo moja hapa, ndio uelewe nilivyochinjwa.

Mashine za santuri ni za aina mbili. Kuna zile ambazo mota iko pembeni, nayo inaizungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Hizo ni za kusikilizia sebuleni. Ukiishika santuri kwa mkono, mkanda unateleza na sahani inachoka. Ukiiachilia, inapepesuka kwanza kama mlevi, halafu ndipo ipate mwendo.

Aina ya pili haina mkanda. Mota iko chini ya sahani yenyewe, katikati. Ukiishika santuri, inasimama chini ya vidole vyako, na ile sahani nzito iliyo chini yake inaendelea kuzunguka kana kwamba hujafanya kitu. Ukiachilia, wimbo unatoka pale pale ulipoukamata, kwa kasi ile ile.

Baba alikuwa akituambia, "Walioitengeneza walitaka tu sauti isiyoyumba. Hawakujua kuna vijana wataiwekea mkono. Lakini walipounda kitu kisichoogopa kushikwa, mbadilisha santuri akawa mpiga ala."

Mashine zote mbili za baba zilikuwa za aina hiyo. Ndizo zilizonifundisha. Mkono wangu haujui nyingine.

Nilipoitwa, nilikuta zote mbili mezani. Yangu kulia, ya Asenath kushoto, na juu ya sahani yake kitambaa cha kijani alichokishona baba, kile kinacholazwa chini ya santuri ili iteleze. Niliziwasha. Zikaimba. Sikuwa na shaka.

Nilikuwa na nakala mbili za wimbo mmoja wa benga wa zamani. Katikati ya wimbo huo gitaa linanyamaza, ngoma zinabaki peke yake kwa muda mfupi tu. Kazi yangu ilikuwa kuushika muda huo mfupi na kuurefusha: ngoma zikiisha upande wa kulia, ziwe zinaanza upande wa kushoto, zikiisha kushoto zianze kulia, mpaka ukumbi usahau kwamba gitaa liliwahi kuwapo. Nilikuwa nimefanya mazoezi chumbani kwangu mlango umefungwa. Hakuna aliyeuona mchezo huo isipokuwa Wekulo.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Watu wakaanza kusogea mbele.

Nikaweka mkono kushoto, nikaikamata santuri, nikaiachilia.

Ngoma zikatoka zimelewa. Zilianza chini kama mtu anayekoroma, zikapanda polepole, zikagongana na zile za kulia. Nikadhani nimekosea. Nikaikamata tena. Sahani yote ikasimama chini ya kiganja changu, imekufa.

Ukumbi ukacheka.

"Madam," Gachanja akasema kwenye kipaza sauti, "hiyo ni mashine ya ngoma ama umetuletea ya kusaga mahindi?"

"Mtoe huyo," mtu akapiga kelele nyuma. "Arudi akapike."

Nilijaribu mara ya tatu. Nikasikia kitu kikikatika ndani, na nikanusa mpira ulioungua. Wakati huo nikajua. Niliitoa santuri, nikakiinua kitambaa cha baba. Chini yake kulikuwa na sahani ya mashine nisiyoijua, inayofanana na ya baba kwa nje kama shilingi kwa ya pili.

Nilimtafuta Wekulo kwa macho. Alikuwa ametazama viatu vyake.

"Asante dada, tumeona," Gachanja akasema. "Tupige makofi ya matanga. Anayefuata ni Asenath Lusweti."

Sikujua kwamba mdogo wangu alikuwa amejiandikisha.

Alipanda jukwaani akiwa amevaa gauni jeupe la kanisani. Hakunitazama. Nyuma yake, mwanamume mmoja alikuwa amebeba mashine halisi ya baba, akaiweka mezani kwa upole. Kisha akaja kwenye meza yangu, akachomoa waya za mashine yangu ya kulia, akaibeba na kuipeleka kwa Asenath.

Mwanamume huyo alikuwa mume wangu.

Nilisimama na mikono mitupu, watu wakinitazama mimi na kumtazama yeye. Asenath akaweka nakala mbili za benga. Wimbo ule ule. Akazikamata ngoma pale pale nilipozikamata mimi. Alicheza mchezo wangu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na aliucheza vizuri, na ukumbi mzima ukapanda juu ya viti.

Gachanja akamwinua mkono. Nikatoka nje kabla hawajamtaja.

Wekulo alinikuta nyumbani nikitupa nguo zake mlangoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kiwanda kinifukuze. Nilipokuambia naenda Kariokor kutafuta vibarua, nilikuwa naenda kwake."

"Unalala naye?"

"Namfundisha."

"Sikukuuliza hivyo."

Aliokota shati lake mlangoni. "Namfundisha, Muhonja. Basi. Na si mimi niliyeanzisha. Muulize mama yako."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilifika Dandora kwa mama. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango akichambua mboga. Hakusimama.

"Umekuja kulia?" akauliza.

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Ni mimi niliyemwambia Wekulo abadilishe mashine. Uliza lingine."

Niliketi chini. Mama aliendelea kukata mabua, akiyatupa kando.

"Asenath anakuwa kiziwi," akasema. "Sikio la kushoto limekwisha. La kulia anasikia kama mtu aliye chini ya maji. Daktari amesema hata hilo haliwezi kufika mwaka ujao."

Nilikumbuka mara ngapi nilimwita kwa nyuma akakataa kugeuka, nikasema ana maringo. Nilikumbuka alivyoanza kusema kwa sauti ya juu, nikasema amekosa adabu. Alivyokuwa akinitazama mdomoni ninapozungumza, nikadhani ananidharau meno.

"Mngeniambia," nikasema. "Ningejitoa. Ningempa nafasi."

"Ungejitoa," mama akasema, "kisha ungemkumbusha kila siku ya Mungu kwamba ulijitoa. Nakujua. Nilikuzaa."

"Kwa hivyo mkaona heri niaibike."

"Wewe utasikia muziki mpaka uzeekee. Aibu moja haikuui." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Ungekuwa mama ungeelewa."

Mama anajua kwamba nimepoteza mimba mbili. Alilisema hilo huku anapangusa kisu kwenye leso.

Niliondoka bila kuaga.

Jioni hiyo Asenath mwenyewe alikuja Kayole. Nilifungua mlango nikamwona, nikataka kuufunga, lakini alikuwa ameshaweka mguu.

"Dada, nipe dakika," akasema kwa ile sauti yake ya juu. "Simama kwenye mwanga nione unachosema."

Niligeuka nikasimama kwenye mwanga. Sijui kwa nini.

"Kesho asubuhi nacheza studioni," akasema. "Moja kwa moja hewani. Gachanja hajui kuhusu masikio yangu. Nakuomba usimame nyuma yangu."

"Nifanye nini nyuma yako?"

Alinieleza. Na kwa sababu nimeapa kuwaambia ukweli, nakiri kwamba alinishangaza. Aliniambia santuri inasomeka kwa macho. Ukiinamisha kwenye taa, weusi wa mahali penye ngoma tupu si sawa na weusi wa mahali penye gitaa. Anajua pa kuweka sindano bila kusikia kitu. Na kwenye ukingo wa sahani za baba kuna nukta zilizochongwa, na taa ndogo nyekundu inayozimulika. Kasi ikiwa sawa, nukta zinaonekana zimesimama tuli. Ikizidi zinakimbia mbele, ikipungua zinarudi nyuma. Anazitazama huku anasukuma kile kijiti cha pembeni cha kasi mpaka zisimame.

"Kompyuta haina kitu cha kushika," akasema. "Mashine ya baba ina. Nikiweka kidole juu ya santuri najua iko wapi, kama vile wewe unavyojua mkono wa mtoto gizani."

"Basi unanitakia nini?"

"Ukumbini kulikuwa na spika kubwa. Nilisikia ngoma kwa kifua. Studio haina spika kubwa. Nitakosa mapigo. Wewe sikiliza, unipigie mapigo mgongoni kwa kiganja. Nitakufuata."

"Baada ya ulichonifanyia jana."

"Nani mwingine anajua benga hiyo kama wewe?"

Aliniangalia mdomoni akisubiri jibu. Nilimwona alivyokonda. Nikamwona alipokuwa mdogo, tukiwa tumelala kifudifudi kwenye sakafu ya baba, kila mmoja na mashine yake, tukishindana nani ataigusa santuri bila kuikwaruza.

"Nitakuja," nikasema.

Alitabasamu. Alifika mlangoni. Kama angetoka tu na kwenda zake, hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Unajua kilichonifurahisha jana?" akasema, ameshika komeo. "Mtu asiyesikia amekushinda wewe unayesikia."

Nilimgusa bega ili anitazame. "Hukunishinda. Mliniwekea mashine ya mkanda."

"Hata na mashine nzuri ningekushinda, dada. Baba alijua. Ndiyo maana alizigawa. Aliniambia mwenyewe kwamba ukipewa zote mbili utaaibika mapema."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekueleza bei ya nyanya. Kisha akaenda.

Sijui kama baba alisema. Na aliyekuwa wa kuulizwa amelala udongoni.

Asubuhi tulikuwa studioni. Chumba kidogo, kioo upande mmoja, zulia ukutani. Nyuma ya kioo alikaa fundi wa mitambo. Gachanja alikuwa mezani na kipaza sauti chake. Wekulo alizipanga mashine, akarudi kusimama mlangoni, hatua mbili tu kutoka mezani, na makasha matupu. Hatukusalimiana.

"Niaje, mtaa," Gachanja akawaambia wasikilizaji. "Kutoka Dandora hadi Donholm, mko na bingwa wetu wa Jumamosi, Asenath, na dada yake amekuja kumuunga mkono. Hiyo ndiyo roho ya undugu, watu wangu. Asenath, twende."

Asenath alikuwa anamtazama mdomoni. Akaitika kwa kichwa, akavaa vipokea sauti masikioni kwa ajili ya kuonekana tu, akateremsha sindano.

Niliweka kiganja mgongoni mwake. Nikapiga. Moja, mbili, tatu, nne.

Alicheza. Wallahi, alicheza vizuri kuliko Jumamosi. Macho yake yalikuwa kwenye nukta, vidole vyake kwenye santuri, na mgongo wake ulikuwa unanisikiliza. Kila nilipopiga, mkono wake uliachilia. Alifika kwenye ngoma tupu, akazikamata kulia, akazikamata kushoto. Nyuma ya kioo fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Gachanja alikuwa amefumba macho.

Kijiti kikuu cha kupandisha na kushusha sauti ya mashine kilikuwa karibu na mkono wangu wa kushoto.

Sikupanga. Watu wataniuliza kama nilipanga, na jibu ni hapana. Nilikiona tu. Nikakumbuka komeo la mlango wangu na ile sauti isiyo na hasira.

Nilikiteremsha mpaka chini.

Ngoma zikafa. Studio ikawa kimya kiasi cha kusikia feni ya fundi.

Asenath hakujua. Sahani zilikuwa bado zinazunguka, nukta zimesimama tuli, taa nyekundu inawaka. Mota haijui kama kuna mtu anayesikia. Aliendelea kucheza. Alizikamata ngoma zisizokuwepo, akaziachilia, akatikisa kichwa kwa mdundo, akainua uso akamtabasamia Gachanja.

Na mkono wangu wa kulia uliendelea kumpigia mapigo mgongoni.

Hilo ndilo ninaloliungama leo. Kuteremsha sauti ni hasira, na mtu anaweza kusamehewa hasira. Lakini niliendelea kumpigia. Moja, mbili, tatu, nne, ili asijue. Ili acheze kimya hicho mpaka mwisho mbele ya watu.

Gachanja alifumbua macho, akauona mkono wangu wa kushoto ukitoka kwenye kijiti. Alimtazama fundi, fundi akainua mikono. Akamtazama Asenath anavyotikisa kichwa. Nilimwona akielewa polepole, uso wake ukibadilika.

"Asenath," akasema.

Asenath alikuwa ameinama juu ya santuri.

"Asenath, hakuna sauti."

Akainua uso, akatabasamu tena, kwa sababu ameona midomo inacheza lakini hakuisoma. Fundi nyuma ya kioo akafunika mdomo. Sijui alikuwa anacheka au analia.

Ni uso huo wa fundi uliomwambia. Asenath alisimama, akatazama kioo, akatazama sindano ziko mahali pake, akatazama meza. Akakiona kijiti kikuu cha sauti kiko chini.

Akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu ya mtoto aliyeamka akakuta nyumba haina watu.

"Dada," akasema, kwa sauti kubwa ambayo yeye hawezi kuisikia, "ni nani amenifanyia hivi?"

Macho yake yalishuka mdomoni kwangu, yakasubiri.

Ningeweza kunyamaza. Badala yake niliiunda midomo vizuri, kama alivyoniomba, kwenye mwanga.

"Wekulo," nikasema.

"Wewe," Gachanja akasema nyuma yake. "Ni wewe, nimeona mkono wako." Alisema wazi, na kipaza sauti kilikuwa bado hewani, na Dandora yote ilisikia, mama pia. Katika mji huu mzima hakuna aliyekosa kusikia isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa amempa mgongo.

Wekulo aliyaweka makasha chini. Akaja mpaka mbele ya Asenath, akamshika kidevu kwa vidole viwili, kwa namna ambayo hajawahi kunishika mimi, akaugeuza uso wake kuelekea kwake.

"Ni kweli," akamwambia polepole. "Ni mimi."

Nilimtazama mume wangu na sikuelewa. Alikuwa analia. Asenath aliutoa mkono wake kidevuni.

"Mama alikuamini," akamwambia. "Toka."

Wekulo hakunitazama. Akaokota makasha yake, akatoka.

Asenath akanirudia, akaniegemea begani, uso wake shingoni mwangu. "Nimebaki na wewe tu," akasema. Hapo nikaelewa: Wekulo alibeba kosa ili Asenath asibaki bila dada. Nilimkumbatia. Mungu ananiona, nilimkumbatia kwa nguvu.

Juu ya bega lake nilimwona Gachanja. Alikuwa ameacha kuzungumza, kwa kuwa ameshajua haina maana. Alikuwa amevuta karatasi nyeupe, ameshika kalamu ya wino mzito, na anaandika kwa herufi kubwa.

Alipomaliza, akaizunguka meza, akaja kusimama ubavuni mwetu, akamgusa Asenath bega.